Nyonga mbili za mama, hospitali mbili: ya pili naipa nyota 4

Mama ana miaka 79 na ameshavunjika nyonga zote mbili, ya kushoto 2021, ya kulia mwaka jana, zote bafuni. (Msinishauri habari za vigae, tumeshang'oa.) Majina ya hospitali sitaji.

Ya kwanza walimchoma ganzi ya mgongo, ile inayoua miguu kuanzia kiunoni kwa saa mbili tatu. Sindano yenyewe sina ugomvi nayo. Shughuli iko kabla yake: wanataka mgonjwa aketi ajikunje ili pingili zifunguke, na mwenye mfupa uliokatika haketi. Mimi nilikuwa nje ya mlango wa thieta nikisikia "Ya Latifu, ya Latifu" mpaka sauti ikamkauka. Walimwinua watu wanne. "Mwanangu, wale walinivunja mara ya pili," ndivyo anavyosimulia hadi leo. Siku mbili za kusubiri wodini alikuwa akipewa sindano za makalioni tu, zinaisha nguvu kabla zamu haijabadilika.

Ya pili, picha ya eksirei ilipotoka tu, daktari wa usingizi alishuka mwenyewe mapokezi na mashine ya altrasaundi. Akampaka mama jeli kinenani, akatuonyesha kwenye skrini mstari mweupe, utando uliofunika msuli, na dawa ikipita chini yake na kuunyanyua taratibu, kama maji yanavyoingia chini ya mkeka. Wanaiita bloku ya fasha iliaka, yaani ganzi ya kufisha neva za nyonga na paja. Nusu saa baadaye mama akaanza kulalamikia mto, kisha akaomba chai. Hapo nikajua imeshika. Chai alinyimwa, alishaanza kufungishwa kula na kunywa kwa ajili ya upasuaji. Asubuhi wakairudia, halafu thieta akachomwa mgongoni kama mara ya kwanza, ila safari hii aliketi ameshikwa mabega na nesi mmoja.

Kaka yangu alikuwa aking'ang'ania nusu kaputi, mama asijue lolote. Daktari hakumbishia. Alimwambia kuna utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2021, REGAIN, wagonjwa 1,600 wa nyonga, wengine usingizi mzima, wengine ganzi ya mgongo. Baada ya siku 60 waliofariki au kushindwa kutembea walikuwa karibu sawa pande zote. Yeye alichagua mgongo kwa sababu mama ana pumu, na baada ya kuhakikisha hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, maana kwa hizo damu inaweza kuvujia mgongoni.

Nyota moja nimeikata. Bloku ile hulegeza na paja, jambo ambalo hatukuambiwa. Siku ya pili mtu wa mazoezi alimsimamisha, goti likakunjika, nikamdaka mimi. Ipo nyingine, PENG, iliyotambulishwa 2018, inayolenga vineva vinavyokwenda kwenye kiungo chenyewe na kuliachia paja nguvu zaidi. Nilipoiulizia walisema bado wanajifunza. Sawa, bora wamesema ukweli. Lakini bima ilikataa kulipia bloku, nami bei yake niliijulia dirishani kwa keshia, siku ya kuruhusiwa, mama ameshakaa kwenye bajaji.

Mkimpeleka mzazi, msimuulize daktari wa mifupa. Mtafuteni wa usingizi mumuulize atamchoma nini kabla ya kumketisha, na italipwa na nani.