Puti tatu kwenye Mustang ya 1/32: uzoefu wangu kabla ya rangi ya fedha

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitia adabu. Kwenye modeli ya ndege ya skeli ya 1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko ndege halisi, mwanya wa nusu milimita ni sawa na mwanya wa sentimita 1.6 kwenye ndege yenyewe. Hapo kidole kidogo kinapita. Rubani akikuta ufa wa namna hiyo pale bawa linaposhikana na kiwiliwili hapandi ndege, anamwita fundi. Mimi nilikuwa nao pande zote mbili, na wa kushoto ulikuwa mpana zaidi.

Ndege ni P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Kimarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, boksi la mtumba ambalo binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza. Ikikamilika ina sentimita 35 na ushee kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na karibu 31 kwenda urefu, kwa hiyo ukiiweka kwenye meza ya chakula, chakula kinahama. Nusu moja ya kiwiliwili ilikuwa imepinda kama ndizi. Mtengenezaji simtaji, kwa sababu sijui kama kosa ni la kiwanda au la stoo ya mtu aliyeiweka miaka yote hiyo chini ya mabegi.

Gundi ya plastiki na praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) binamu hakuleta. Vitu vinavyoshika moto havipandi ndege kwenye begi, na yeye si mtu wa kujaribu bahati uwanjani. Alileta puti ya akriliki, ile ya maji, tyubu ndogo yenye mdomo mwembamba. Vingine vyote nimevipata hapa hapa Dar. Kwa hiyo ninachopima hapa ni puti hiyo ya maji, supagluu iliyochanganywa na poda ya mtoto, na puti ya plastiki niliyoitengeneza mwenyewe jikoni. Puti ya magari, ile ya kuchanganya na dawa yake ya kugandisha, niliijaribu pia chini ya tumbo. Iligumuka ndani ya robo saa, vizuri kabisa, lakini kwenye kingo nyembamba ilibanduka kama ukoko wa wali. Sikuendelea nayo.

Jambo moja zaidi kabla sijaingia ndani: ndege hii nataka iwe ya fedha, si ya kijani. Rangi ya kijani ina huruma. Fedha haina. Mkwaruzo ambao hata ukucha hauukamati, ukishapuliza rangi ya aluminiamu unang'aa kama mstari wa chaki ubaoni.

Puti ya maji niliitumia kwanza pale kwenye mashina ya mabawa, na hapo sina lawama nayo. Unapita na tyubu kando ya mwanya, unasubiri dakika mbili tatu, halafu unachukua kijiti cha pamba cha masikio ulicholowesha maji kidogo, unafuta kwa mkono mmoja bila kurudi nyuma. Puti inabaki ndani ya mwanya tu, na huhitaji msasa. Hili la msasa ndilo linalonifanya niisifu, kwa sababu pale pembeni kuna safu ya ribiti, vile vichwa vya pini zinazoshikilia mabati ya ndege, ndogo kama punje za mtama, na msasa ungezila zote. Mwanya wa kulia ulijaa kwa mara mbili. Wa kushoto ulihitaji mara nne, kwa sababu puti hii inanywea inapokauka, na ukijaza shimo lote kwa pupa inapasuka katikati. Bora tabaka jembamba, usiku upite, kisha lingine. Nilifanya hivyo wakati wa masika, na unyevu ule wa Dar ukageuza usiku mmoja kuwa siku moja na nusu.

Kosa nililofanya ni kuipeleka mgongoni mwa ndege. Nilijaza mshono mrefu unaotoka nyuma ya kioo cha rubani hadi mkiani, nikangoja, nikachukua msasa wa maji namba 600 na kikombe cha maji, nikaanza. Puti ya maji, msasa wa maji, na mimi sikuona tatizo liko wapi! Baada ya dakika tano nilikuwa na uji mweupe mikononi na mwanya wangu umerudi kama ulivyokuwa. Nilipoijaza tena na kuipiga msasa mkavu ilikaa, lakini nilipotaka kuchonga upya mstari wa paneli (mfereji mwembamba unaoonyesha bati moja linapokutana na jingine) unaokatiza mshono, ilimeguka vipande vipande kama biskuti. Puti hii haishikani na plastiki, imejikalia tu ndani ya ufa. Pale ambapo hutagusa tena, inafaa. Pale ambapo kisu au msasa utapita, hapana.

Nikaikwangua yote nikahamia kwenye supagluu.

Supagluu kila mtu anaijua, inauzwa hata kwenye genge la nyanya. Ukiidondoshea poda ya mtoto ukakoroga kwa kijiti cha meno, inakuwa uji mzito unaokaa pale ulipouweka. Haipungui inapokauka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote. Pia gundi hii hugandishwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo masika yaleyale yaliyochelewesha puti ya maji hapa yalinisaidia: ilishika kabla sijafunga kifuniko. Tena inafunga mshono wenyewe, haijazi tu. Nusu ile iliyopinda kama ndizi niliivuta kwa tepu ya karatasi, kipande kwa kipande, nikiigundisha sentimita mbili mbili hadi ikanyooka.

Ila ina masharti. Lazima uipige msasa ndani ya saa moja hivi. Ikilala hadi kesho yake inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa hufuata njia laini. Umeme ulikatika usiku ule nilipomaliza upande wa mkia. Nikasema nitaendelea asubuhi. Asubuhi msasa ulikuwa unakula plastiki pembeni huku gundi imesimama katikati kama tuta la barabarani. Poda husaidia kuilainisha, lakini siku ile niliiweka kidogo mno. Kulishusha tuta lile kulinichukua karibu jioni nzima, nikitumia tufali dogo la mbao na uvumilivu ambao mke wangu alisema hajawahi kuuona nikifagia.

Puti ya tatu haina chapa wala bei. Kila modeli huja na fremu za plastiki zinazoshikilia vipande, na watu wengi huzitupa. Mimi nilizikatakata vipande vidogo kama vitunguu vya kachumbari, nikavitia kwenye kichupa cha kioo na tina ya rangi za magari kutoka duka la Kariakoo, nikafunga kifuniko. Kesho yake nilikuwa na uji wa kijivu, plastiki ileile ya ndege yenyewe. (Fanya hivi dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Ile harufu si ya mchezo.) Ukiipaka inayeyusha kidogo kingo za mshono na kuwa kitu kimoja nazo. Inapigwa msasa sawasawa na plastiki, hakuna tuta wala bonde, na ukichonga mstari juu yake kisu hakijui kimepita wapi.

Kasoro yake ni subira. Mimi niliiacha siku tatu kwenye mshono wa kawaida na wiki nzima pale ilipokuwa nene, na bado mahali pamoja chini ya mkia pamenywea baada ya kudhani nimemaliza. Ukiijaza kwa wingi kwenye plastiki nyembamba italainisha hata usipotaka lainike. Lakini kwa mistari ya paneli sijaona mfano wake.

Hapo nikajiona fundi. Nikabeba kiwiliwili kwenye boksi la viatu hadi gereji ya jirani hapa Tabata, kwa mzee anayepuliza rangi magari tangu sijaanza shule.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Gari iko wapi?"

Nikafungua boksi. Vijana wake walicheka, yeye hakucheka. Alijifuta mkono kwenye suruali, akakichukua kiwiliwili, akafumba macho na kupitisha ncha za vidole kwa kukatiza mshono. Mimi siku zote nilikuwa nikipapasa kwa kuufuata. "Hapa kuna bonde," akasema. Akasogea kidogo. "Hapa kilima." Mimi na miwani yangu hatukuona kitu.

Akapuliza praima ya kijivu kwa mbali, vumbi tu, kwanza kwenye kipande cha fremu ili tuone kama tina yake itaila plastiki. Haikuila. Kisha kwenye ndege, tabaka jepesi mara tatu. Ilipokauka akachukua rangi nyeusi akaipulizia juu kama anayenyunyiza chumvi, madoa madoa. Akakata kipande cha soli ya kandambili kuukuu, akakizungushia msasa namba 800, akanipa. "Usitumie kidole. Kidole kinaingia shimoni pamoja na msasa. Soli inapita juu."

Nilipiga taratibu. Weusi ukaondoka kila mahali isipokuwa sehemu mbili nyuma ya kioo cha rubani, kila moja kama punje ya mchele, na mstari mwembamba kama unywele chini ya mkia. Yale ndiyo mabonde aliyoyagusa akiwa amefumba macho. Tukayajaza, tukarudia. Aligoma kupokea hela, akapokea soda.

Sasa habari ya mabawa, ambayo bado inaniuma. Nilikuwa nimekesha usiku mbili nikichonga upya kila mstari wa paneli juu ya mabawa, nikiangalia picha za Mustang zilizokarabatiwa miaka ya karibuni, zile zinazong'aa kama sufuria mpya na ribiti zote ziko wazi. Baadaye ndipo nikasoma jinsi zilivyotoka kiwandani, kule Inglewood huko California na Dallas huko Texas. Bawa la Mustang lilisanifiwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika, na kichwa cha ribiti au ufa wa bati vinatosha kuivuruga. Kwa hiyo mafundi wa North American, kampuni iliyoiunda ndege hiyo, walijaza maungio na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa kwa puti, wakapiga msasa, wakapaka praima, kisha rangi ya aluminiamu. Kiwiliwili kiliachwa bati tupu. Juu ya bawa yakabaki kuonekana yale yanayofunguliwa, kama milango ya bunduki, tatu kila upande, na vifuniko vya mafuta.

Yaani nimekesha nikifukua vitu ambavyo wenye ndege walivifukia kwa makusudi. Nikachukua kichupa changu cha uji wa kijivu nikafukia tena, msasa namba 600, kisha 1000, kisha 2000 hadi bawa likawa kama sahani. Nilipomsimulia fundi alipiga goti kwa kiganja: "Kumbe nao walipiga puti!" Akawaita vijana wake wasikilize.

Kwa mwenye ndege kubwa ya fedha mbele yake na duka la modeli hana, ushauri wangu ni huu. Puti ya maji agiza tyubu moja tu, ya mashina ya mabawa na sehemu zenye ribiti, inatosha ndege kadhaa. Mishono mirefu ipe supagluu na poda, siku ambayo una hakika umeme upo au taa imejaa chaji. Mahali utakapochonga mstari, tumia plastiki yake yenyewe na uhesabu siku kwenye kalenda. Hela uliyobakiza nunua misasa mizuri, na usiipulize fedha kabla ya kijivu na nyeusi kukuonyesha ulipokosea.

Yangu sasa inaning'inia kwa waya juu ya friji, kijivu kitupu. Ule unywele chini ya mkia umejitokeza tena jana. Nimeujaza kwa mara ya tatu, na Jumamosi nitaurudisha Tabata ukapapaswe.