Probox yangu: spesa nilizifunga kwa pesa yangu, nikazifungua kwa pesa yangu

Mlio ulianza pale Mombo, nilipokata kona kuingia barabara ya Lushoto. Tak, tak, tak, tak, upande wa kushoto mbele. Usukani ukinyooka, kimya. Nilijua ni sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi hata likikata kona. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nimeiua mwenyewe, miezi mitano kabla, na fundi nikamlipa na soda juu.

Gari lenyewe ni Toyota Probox ya 2008, injini 1NZ ya cc 1,496, gia za mkono. Huu ni mwaka wa nne niko nayo. Mara mbili kwa mwezi natoka Dar kwenda Lushoto. Kwenda nimebeba bidhaa za duka la mama, kurudi nina karoti, viazi, na mapeasi yakiwa msimu. Najua watu wanaicheka. Huko Kanda ya Ziwa ndiyo teksi wanayoiita mchomoko, abiria wamepangwa kama dagaa, kwa hiyo ukifika nayo kwenye harusi mlinzi anakuuliza umemleta nani. Sawa tu. Toyota waliitoa mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla van, ni gari la kazi tangu lizaliwe. Vioo vya kuzungusha kwa mkono, kiti cha nyuma kama benchi la shule, na kwenye dashibodi kimeza cha kuvuta ambacho sijakiona kwenye magari ya bei mara tatu yake. Risiti naandikia pale, chipsi nakulia pale.

Sasa hizo spesa, vile vipande vinavyofungwa kwenye springi na shokapu ili bodi inyanyuke. Ukiitoka lami ya Lushoto kuelekea Mlalo, gari lilikuwa linagonga chini kila likiwa na mzigo. Jamaa yangu mwenye Toyota Fielder akasema, "Inyanyue tu." Spesa nne kwa pamoja bei yake ilikuwa chini ya shokapu moja ya mbele. Fundi alizifunga nusu siku, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. "Bosi, hili sasa linapita hata mtoni." Na kweli lilipendeza. Nililipiga picha.

Mwezi wa pili baada ya hapo tairi za mbele zikaanza kuliwa upande wa nje. Nikapeleka alaimenti, yaani kunyoosha tairi, ikakaa sawa wiki mbili. Kwenye matuta gari likawa linadunda. Halafu ndiyo ule mlio wa Mombo.

Mzee mmoja fundi, gereji yake iko Ilala, hakushika hata spana kwanza. Alilala chini, akapitisha kidole ndani ya rimu kikatoka cheusi kwa grisi. Buti ya sivi jointi, ile raba inayoifunika, ilikuwa imechanika, grisi yote imerushwa nje na mchanga umeingia ndani. "Mwanangu, umenyanyua bodi, lakini gia boksi imepanda nayo na tairi imebaki chini. Ekseli inafanya kazi imepinda siku nzima." Akanionyesha na mikono yake: kiwiko kikiwa karibu kunyooka kinazunguka vizuri, kikipindwa zaidi kinalalamika. Kisha akaenda nyuma, akakandamiza boneti ya nyuma na kuiachia. Gari likacheza mara tatu ndipo likatulia. Shokapu zilikuwa zimekufa na springi zimelala. Nilikuwa nimemvalisha mgonjwa viatu virefu.

Na kuna jambo lililonitia aibu. Kwenye mlango wa nyuma kuna kistika cha Kijapani ambacho nilikuwa nakiosha kila Jumamosi bila kujua kinasema nini. Kimeandikwa 400, halafu 250 ndani ya mabano, na kg. Ni uzito wa mzigo unaoruhusiwa: kilo 400 mkiwa watu wawili, kilo 250 viti vyote vikiwa na watu. Mimi nilikuwa napakia lumbesa nne za viazi, na wote tunajua lumbesa moja haiishii kilo 100, tena mpwa wangu yuko pembeni na tenga la karoti liko kwenye keria. Gari halikuwa fupi. Lilikuwa limezidiwa.

Tulitoa spesa zote. Nikafunga shokapu nne mpya za KYB, springi za nyuma ngumu kidogo kuliko za mwanzo, bushi za mbele na sivi jointi. Iliniuma mfukoni, sitaficha. Kisha nikaachana na rimu za inchi 13 nikaweka za 14 na tairi 175/70. Kwa hesabu yangu, kutoka 155R13 unapanda kama sentimita moja tu, na spidi mita inasoma pungufu kidogo. Kabla ya kununua tazama namba ya uzito ubavuni; zangu ni 84, yaani kilo 500 kwa kila tairi. Wauzaji wengi watakutajia bei na maua ya tairi, hiyo namba hawaitaji.

Tangu hapo, njia ya Mlalo ileile, linagusa chini mara moja moja, na mara nyingi ni kosa langu.

Breki nazo. Kushuka kutoka Lushoto, chini ya Soni, siku moja pedali ilianza kuzama kama nakanyaga godoro. Oili ya breki ilikuwa haijabadilishwa tangu nilinunue gari, na ikishanyonya maji inachemka haraka. Sasa naibadilisha kila baada ya miaka miwili, na ule mteremko nashuka na gia namba 2, hata lori likinipigia honi nyuma.

Mengine madogo. Redio ya Kijapani haifiki stesheni zetu nyingi, maana FM yao inaanzia 76 na hii yangu inaishia 90. Nilinunua redio nyingine. Kuna fundi aliniambia nitoe masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ili gari lipate nguvu, na papo hapo akajitolea kuyanunua. Nikamwambia kama hayana maana, unayanunua ya nini? Akacheka. Mle ndani kuna platinamu, anajua yeye na sasa najua mimi.

Injini sina kesi nayo. Ni ya cheni, si mkanda, inakunywa oili lita 3.7 pamoja na filta, na mimi namwaga kila kilomita 5,000. Wese ni kilomita 13 hadi 14 kwa lita nikiwa na mzigo wa kistaarabu. Kwa sasa kuna unyevu wa oili pale kwenye tenshena, kifaa cha kukaza cheni; oringi yake, raba ya kuzuia oili, ni ndogo kama pete. Mzee wa Ilala amesema nilete Jumamosi, na nisije na spesa.