Programu ya kusimamia ubora: mchagulie anayeshika kipimajoto

Kaskazi ikikolea, mashua huingia Malindi na jodari na nguru kwa wingi, na kwenye chumba cha kupokelea samaki hakuna anayekaa chini. Samaki anapimwa joto, anapimwa uzani, anapewa namba ya shehena, anafukiwa kwenye barafu. Kila hatua yatakiwa iandikwe. Anayeandika amevaa glavu na aproni, buti zimo majini, na mwenye kreti inayofuata anamngoja nyuma. Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikiulizwa, "Tununue programu gani ya ubora?", yaani ya kuandikia vipimo na kufuatilia kasoro. Nimesimamia ubora kwenye kazi ya samaki hapa pwani, na nimeona pesa nyingi zikipotea kwa sababu aliyeulizwa ni mwenye ofisi peke yake.

Pahali pamoja nilipofanya kazi, bosi alionyeshwa programu kwenye ukumbi wa hoteli, ukutani, na grafu zake za rangi. Akalipa ya mwaka mzima. Mwezi wa pili nilifungua kumbukumbu za siku moja: vipimo 46 vya joto, vyote vimeingizwa kati ya saa kumi na moja na dakika kumi na saa kumi na moja na robo jioni. Kumbe watu walirudi kwenye daftari, na kijana mmoja anayejua kompyuta alikuwa akiyajaza yote mwisho wa zamu. Kilichoniumiza zaidi ni friza. Kibodi ya namba kwenye simu zile haikuwa na alama ya kutoa. Friza ikisoma -18, mtu aliandika 18, programu ikapiga kelele nyekundu, na ili inyamaze wakaanza kuandika 0. Mama mmoja mparaji samaki, mwenye umri wa kunizaa, aliniambia, "Mwanangu, kidude hiki chataka vidole vikavu, nami tangu alfajiri vidole vyangu ni maji tu." Alikuwa amesema hivyo tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyemsikiliza, na mimi ni mmoja wao.

Jambo hili si la kupuuzwa. Jodari akiachwa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini, sumu inayomdhuru mlaji, ndani ya nyama yake. Haionekani kwa macho, samaki aweza kuonekana mzima kabisa, na kupika hakuiondoi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya yataka sampuli tisa kwa shehena: wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, sampuli mbili tu ndizo ziruhusiwe kuwa kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja inayopita 200. Kinga yake ni barafu ya mapema na kipimo cha kweli. Kipimo cha kubuni saa kumi na moja jioni hakimkingi mlaji.

Kwa hiyo programu nazipanga kwa kuangalia kama mtumiaji ataweza kuandika ukweli papo hapo. Wingi wa vipengele nauweka nyuma. Nimewalenga wenye kazi ya watu kumi hadi hamsini hivi, iwe samaki, hoteli, maembe au maabara ndogo.

1. KoboToolbox au ODK

Ni programu za kutunga fomu zako na kuzijaza kwa simu, na hizi ndizo ningeanza nazo. ODK ilizaliwa University of Washington mwaka 2008, na fomu ya simu ya KoboToolbox imejengwa juu yake. Zote mbili hutumika kwenye simu ya kawaida ya Android, na hujaza bila mtandao: fomu hukaa kwenye simu mpaka laini irudi, kisha zinatumwa. Kwa mtu anayeingia na kutoka chumba cha baridi chenye kuta nene, hilo peke yake latosha kuzipa nafasi ya kwanza.

Uzuri mwingine ni kwamba maswali unayatunga mwenyewe, kwa Kiswahili cha watu wako. Andika "Barafu imefunika samaki wote?" na usiandike maneno ya kitabuni ambayo msimamizi atalazimika kuyafasiri. Fomu moja yaweza kuwa na lugha zaidi ya moja, basi ukiwa na wazee wanaosoma Kigiriama vizuri zaidi, waweke. Lile tatizo la alama ya kutoa tulilimaliza kwa swali la vitufe viwili, "chini ya sifuri" au "juu ya sifuri", kisha namba tupu, na fomu ikafanya hesabu yenyewe. Tena fomu yaweza kurekodi saa ya kuanza na ya kumaliza kujaza, kwa hiyo vipimo 46 vya dakika tano vitajulikana siku hiyohiyo.

Upungufu upo. Hazitakufuatilia kasoro mpaka ifungwe, wala hazitunzi matoleo ya taratibu zako. Nani arekebishe nini na lini, utalibeba kwa mkono. Mpango wa bure wa Kobo una kikomo, na kampuni ya biashara isome masharti kwanza. ODK waweza kuiweka kwenye seva yako, ila utahitaji fundi.

2. SafetyCulture

Wengi waliijua kwa jina la iAuditor. Ukaguzi unafanyika kwa simu, picha ya kasoro inapigwa palepale, na kazi ya kurekebisha inapelekwa kwa mtu kwa jina. Hapo inaishinda Kobo waziwazi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya malipo: ni kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Matokeo yake wenye kampuni hununua akaunti tatu, watu ishirini wakatumia pasiwadi moja, na kumbukumbu haisemi tena nani alipima. Kama huwezi kumlipia kila anayepima, usiinunue. Na ukiijaribu, angalia lugha ya vitufe vyenyewe, si ya maswali yako tu.

3. Daftari, pamoja na Google Sheets

Msione haya kubaki hapa. ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha kusimamia ubora, haimlazimishi mtu kununua programu, na kanuni ya saba ya HACCP, mfumo wa kuzuia hatari kwenye chakula, yataka kumbukumbu, iwe karatasi au simu. Karatasi iliyojazwa kwa kalamu saa ile ile ni bora kuliko skrini iliyojazwa jioni. Tumia ubao wa kubania karatasi uliofunikwa plastiki, kosa likatwe mstari mmoja na sahihi, na msimamizi ahamishie namba kwenye jedwali. Jedwali la Google huonyesha historia ya mabadiliko. Faili la Excel linalozunguka kwa barua pepe likishafutwa seli moja, hutajua nani.

4. ERPNext

Ni programu ya kuendeshea kampuni nzima, ya bure kwa leseni, imetoka India, na ina sehemu nzima ya ubora: taratibu, malengo, kasoro, hatua za kurekebisha. Kwa afisa wa ubora mezani ni nzuri. Kwa mpokeaji samaki ni milango mingi mno kabla ya kufika penye kisanduku cha joto, na yataka mtandao wakati wote.

5. MasterControl na za aina yake

Ni programu kubwa za ubora zilizotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya dawa na vifaa vya tiba, penye sahihi za kielektroniki na uthibitisho wa kila toleo. Huko ni mahali pake. Hapa kwetu, ziache.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio la wiki mbili, na lifanywe Desemba au Januari mashua zikiwa nyingi. Mwezi wa Juni kusi limechafua bahari, samaki wachache, na kila programu itaonekana rahisi. Simu mkabidhi yule anayelalamika zaidi. Simama pembeni, usimsaidie, hesabu mara anazovua glavu. Zikipita mbili kwa kreti moja, fomu hiyo ni ndefu. Ifupishe au badilisha programu. Muulize muuzaji namna ya kutoa kumbukumbu zako zote siku ukihama, na akujibu kwa kukuonyesha. Ikiwa programu inachukua picha za nyuso au mahali mtu alipo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu, na wafanyakazi waambiwe kabla, kwa maneno wanayoyaelewa.

Mwisho, tenga pesa za vitu vidogo: mfuko wa plastiki usioingia maji kwa kila simu, kamba ya shingoni, chaji ya pili, na msumari mlangoni pa kuitundika. Sisi tulipopata mifuko hiyo, yule mama alijaza fomu yake ya kwanza bila kuvua glavu, akanirudishia simu akiwa tayari ameshika samaki mwingine.