MBA ya kusaidia jamii: uzoefu wangu na ile kozi ya biashara za kijamii

Nimemaliza MBA (masters ya biashara) ya jioni hapa Nairobi (chuo sitaji, bado nangoja cheti 😄) na watu wananiuliza inboksi kama ile kozi yake moja ya biashara za kijamii (biashara za kutatua shida ya jamii, si faida tu) inafaa, so acha niandike mara moja.

Mimi niliingia juu ya zile stori. Andrew Youn alikuwa bado anasoma MBA kule Kellogg, shule ya biashara Marekani, alipoanzisha One Acre Fund Bungoma mwaka 2006, mbegu na mbolea kwa mkopo, mkulima analipa kidogo kidogo. Halafu wale wanafunzi wa MIT, chuo kingine cha Marekani, walioanzisha Sanergy, wenye vyoo vya Fresh Life huku mtaa wa mabanda wa Mukuru. Hiyo ya Sanergy tuliichambua vizuri sana, maana hapo ndio unaona pesa ya choo peke yake haibebi biashara, uchafu lazima ukusanywe, usafirishwe, ugeuzwe mbolea na chakula cha mifugo ndio upate kitu kingine cha kuuza. Muhammad Yunus na Grameen Bank, ile benki aliyoanzisha Bangladesh ya kukopesha maskini pesa kidogo, nao utawasikia mpaka uchoke.

Lakini pesa yangu ilirudi kwa mradi wa mashinani. Kundi letu lilipewa kina mama wanaotengeneza briketi za vumbi la makaa. Lekchara alikuwa ametupa templeti ya Excel ya mauzo ya mwaka mzima, laini kabisa, kila mwezi unapanda kidogo. Mweka hazina wao, mama mmoja anayeandika hesabu kwa daftari la shule, akaangalia laptop akauliza, "Sasa mvua iko wapi hapa?" Aprili briketi hazikauki, zinaota ukungu, na baridi ya Julai ndio wafugaji wa kuku wanazigombania za kupashia vifaranga joto, kwa hivyo lazima utengeneze mapema jua likiwepo uweke stoo, na hapo ndio pesa ya kununua vumbi inakosekana. Soko lilikuwepo kitambo! Tukaacha slaidi za masoko tukakaa na lile daftari, tukapanga mkopo wa chama unaolipwa baada ya baridi, si kila mwezi. Haina mbwembwe yoyote lakini waliichukua. Na wewe unayetaka kusaidia jamii usilale darasa la fedha, mimi hiyo hesabu niliitoa huko, si kwa hii kozi.

Ubaya sasa. Kupima matokeo tulipitia juu juu tu. Mtu anaandika "tumebadilisha maisha" na hakuna anayemuuliza hao watu wangekuwa wapi bila yeye. Muda mwingi ulienda kwa kufanya mazoezi ya kujinadi mbele ya majaji, nusu ya darasa inaota Hult Prize, yale mashindano ya wanafunzi ya biashara za kijamii, na ile zawadi ya dola milioni 1, wengine hata mteja mmoja hawajawahi kuongea naye. Na wengi wamerudi benki, siwalaumu, ada walikopa.

Nyota 4 kati ya 5. Kama tayari uko kwa kazi unayoijua, kilimo, maji, afya, chochote, nenda. Kama unaenda kutafuta wito, ngoja kwanza ufanye kazi kidogo.

Na kabla ulipe, uliza kama gharama za mradi wa mashinani ziko ndani ya ada, sisi nauli na mifuko ya kufungia briketi ilitoka mfukoni.