TAHADHARI: Anayewauzia wenzetu walioko Delhi "wikiendi ya Agra" ni tapeli, msimtumie hela

Wakuu salaam. Hii iwafikie kwanza nyie mlioko Delhi na wagonjwa, halafu na wanafunzi wa Noida na Greater Noida ambao kila mgeni akitua kutoka nyumbani lazima awaombe mumpeleke Taj Mahal. Kuna jamaa anauza pakeji ya wikiendi Agra, mji wenye hiyo Taj, kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu kabisa, "shikamoo mama, karibu India, mimi mwanao nipo huku usihangaike", anajipenyeza kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasindikizaji wa wagonjwa na kwenye gesti za karibu na mahospitali, na hapo ndo watu wanapolegea maana ukishakaa ugenini wiki kadhaa unaongea kwa ishara na mkalimani, ukisikia shikamoo tu roho inatulia. Jina silitaji, kwanza ana majina mengi na laini anabadilisha, mkishika jina atawapita na jingine. Shikeni anavyofanya kazi.

Safari hii kamliza mama mmoja ninayemfahamu na wanawe wawili, watu wazima, wamekuja kumuuguza mzee. Mzee kashafanyiwa operesheni na anaendelea vizuri, shemeji yao kabaki naye wodini, wakasema basi kabla ya kurudi tukaione hiyo Taj tusije tukafika India tukaona wodi tu. Jamaa akawapa pakeji: kuondoka Ijumaa asubuhi kwa treni ya Gatimaan Express, Taj Mahal Ijumaa hiyo hiyo mchana, hoteli ya nyota nne inayotazama Taj, Jumamosi Agra Fort (ngome ya wafalme) na mji wa kale wa Fatehpur Sikri, Jumapili kurudi. Viingilio vyote ndani, hela yote mbele, na asiitumie mtu India, itumwe kwa pesa ya simu kwa "dada yake" Dar kwa sababu eti benki za huku zinasumbua wageni.

Sasa hapo kabla hata ya kutuma shilingi, hiyo ratiba yenyewe ilishajisema. Taj Mahal Ijumaa IMEFUNGWA. Siyo Ijumaa ya sikukuu, kila Ijumaa, maana pale ndani kuna msikiti na siku hiyo wanaoingia ni waumini wa sala ya mchana tu, mtalii hakanyagi. Na Gatimaan Express nayo Ijumaa haitembei, kwa sababu hiyo hiyo. Yaani alikuwa anauza treni ambayo haipo kwenda mahali palipofungwa. Mtu anayepeleka watu Agra kila wiki hawezi kutojua hilo, hili ni kama mtu akuuzie samaki Feri siku ambayo hakuna ngalawa iliyotoka.

Kwa nini anachagua Ijumaa basi? Hapo ndo penye biashara yenyewe. Mkifika Agra na Taj imefungwa, siku nzima mko mikononi mwa dereva na dereva ana maduka yake.

Ila tuanze na treni. Siku mbili kabla akawaambia Gatimaan imejaa, nimewapatia treni nyingine nzuri tu, akatuma picha ya tiketi. Tiketi ya kweli kabisa, ina namba ya PNR tarakimu 10, majina yao na umri sahihi, mama akafurahi akaitunza. Shida ni vile viherufi viwili pembeni ya jina: WL. Maana yake uko kwenye foleni ya kusubiri nafasi, hujapata kiti. Ukiona CNF ndo una kiti, ukiona RAC utapanda ila mtabanana siti moja watu wawili. WL iliyokatwa mtandaoni ikifika muda wa kupanga chati ya abiria na nafasi haijapatikana, tiketi inajifuta yenyewe na hela inarudi kwenye akaunti iliyokatia. Mmeelewa? Inarudi kwake yeye, wanakata ada kidogo tu. Kwa hiyo anawakatia tiketi anayojua haitatoka, picha anawatumia, na hela anaipata tena. Hapo huwezi hata kumshika kwamba amekuletea tiketi feki. Ukipewa tiketi yoyote ya treni huku chukua hiyo PNR uiangalie mwenyewe kwenye tovuti ya reli au piga 139, ni namba ya reli ya India nzima, usiridhike na picha.

Basi asubuhi wako stesheni ya Hazrat Nizamuddin na mabegi, wanaambiwa majina hayapo kwenye chati, jamaa simu hapokei. Baada ya saa nzima anapiga yeye, pole sana mama reli wametuangusha lakini mwanao nipo, kuna gari inakuja. Gari ikaja, na dereva anataka hela ya mafuta na ya toli za barabara ya Yamuna Expressway, ambazo kwenye pakeji hazikuwemo kwa sababu pakeji ilikuwa ya treni! Walilipa, wangefanyaje.

Agra wamefika mchana, geti la Taj limefungwa, dereva anajifanya kushangaa. Duka la kwanza la marumaru. Huko nako kuna maigizo yake, mnakaribishwa chai, mnaonyeshwa wazee wanaochonga na kupachika vijiwe vya rangi kwenye jiwe jeupe, mnaambiwa hawa ni wajukuu wa mafundi waliojenga Taj. Kumbuka njiani muongozaji aliyepandishwa kwenye gari katoka kuwasimulia kwamba Shah Jahan, mfalme aliyeijenga Taj, aliwakata mikono mafundi wote wasijenge nyingine (hadithi tupu hiyo, haina ushahidi wowote, na ile ya kwamba alitaka kujenga Taj nyeusi ng'ambo ya mto ni hivyo hivyo). Kijana mdogo akauliza sasa waliokatwa mikono ndo waliowafundisha hawa? Wakanyamaza.

Kazi ya kupachika mawe ile ni ya kweli na Agra wapo mafundi hasa, sisemi wote wezi. Ila sahani nyingi unazouziwa kama marumaru ya Makrana, ile iliyojengea Taj, ni jiwe laini tu la sabuni. Kwaruza chini kwa ufunguo, likichubuka kirahisi ujue. Muuzaji akikataa usikwaruze, ushapata jibu. Na bei unayotajiwa imeshabeba kamisheni ya dereva na ya muongozaji na ya jamaa wa Kiswahili aliyeko Delhi amelala, ndo maana ukitoka bila kununua sura ya dereva inabadilika.

Duka la pili ni la vito na hili ndo la hatari, mengine yote ni hela ndogo ukilinganisha na hili. Mnapewa soda, mwenye duka mpole, anauliza mnatokea wapi, anawaambia nyie wageni mnaruhusiwa kutoka na vito bila ushuru mkubwa, mimi nikipeleka mzigo nakatwa sana, nibebeeni tu mpaka Dar, mtu wangu atawapokea na kuwalipa mara mbili. Sharti moja: acheni dhamana, mchanje kadi hapa, tukisikia mzigo umefika tunairudisha. Jamani huu mchezo ni wa miaka mingi Agra na Jaipur, umeshaandikwa kwenye vitabu vya watalii mpaka basi, na bado unafanya kazi. Dar hakuna mtu wa kupokea, vito ni vioo au mawe ya bei ya chini, na kadi imeshachanjwa kihalali kwa saini yako mwenyewe kwamba umenunua, hata benki inashindwa kukutetea. Kijana mkubwa alishaanza kutoa pochi. Kilichowaokoa ni tamaa ya muuzaji, akatoa kiboksi cha bluu akasema na hii ni tanzanite safi kabisa nawapa bei ya ndugu. Mama ni wa Arusha. Alisimama akasema wewe unaniuzia mimi tanzanite? Wakatoka. (Kwa haki, tanzanite kule ipo, nyingi ya Mererani kwa miaka mingi ilikatwa Jaipur, lakini wewe uliyetoka karibu na mgodi ukanunue Agra kwa mtu aliyekupa soda, hapana.)

Usiku hoteli. Hiyo nyota nne ilikuwa kijumba cha uchochoroni na mapokezi wakawakataa, siyo kwa ubaguzi kama walivyodhani, ni kwamba hoteli India ikipokea mgeni wa nje lazima imsajili kwa serikali ndani ya saa 24, fomu inaitwa Form C, na vihoteli vidogo vingi havifanyi hiyo kazi kwa hiyo havipokei pasipoti ya nje. Jamaa wa pakeji hili nalo analijua. Wakahangaika saa nne usiku na bajaji mpaka wakapata pengine kwa hela yao. Mkibuku hoteli wenyewe pigeni simu muulize moja kwa moja, mnapokea wageni wa nje? Swali moja tu hilo linaokoa usiku mzima.

Jumamosi wanafika Taj na tiketi alizowatumia, askari akaziangalia akaziangalia na sura zao, akawarudisha. Zilikuwa tiketi za raia wa India, rupia 50 kila moja. Mgeni wa nje analipa 1,100 na akitaka kuingia mpaka ndani penye makaburi anaongeza 200, jumla 1,300. Kuna bei ya katikati, 540, ya watu wa nchi jirani kama Nepal na Bangladesh, sisi haituhusu hata kidogo, na watoto chini ya miaka 15 bure. Piga hesabu, watu watatu ni 3,900, yeye katoa 150. Na anajua askari atawakatalia, mtanunua upya wenyewe, nani atapanda mahakamani kwa hilo.

Fatehpur Sikri hawakufika, dereva aliondoka. Lakini niwaambie nyie mtakaokwenda: ule mji ambao mfalme Akbar alianza kuujenga 1571 una sehemu mbili, majumba ya mfalme ndo ya tiketi, upande wa msikiti na kaburi la Sheikh Salim Chishti kuingia ni bure. Akitokea mtu anawadai kiingilio cha msikiti mpiteni. Na wale wanaosema nunueni shuka la kutandika kaburini hela inakwenda kwa masikini, bei wanaangalia viatu vyako. Kwa sisi Waislamu inauma kukataa pale, na wao wanajua inauma.

Sasa msije mkasema basi Agra hatuendi. Nendeni, ila nendeni wenyewe, wala siyo kazi ngumu. Gatimaan inaondoka Nizamuddin saa mbili na dakika kumi asubuhi, mnatumia kama dakika 100 mpaka stesheni ya Agra Cantt, jioni inawarudisha, hata kulala siyo lazima. Jumamosi au Jumapili, au bora zaidi katikati ya wiki kama kliniki inaruhusu maana wikiendi umati ni wa kutisha. Tiketi za Taj zinauzwa mtandaoni kwenye tovuti ya idara ya mambo ya kale ya India, ASI, na dirishani pale zipo, beba pasipoti. Magari ya mafuta hayafiki getini, yanaishia mbali kwa ajili ya moshi, kutoka hapo ni vigari vya betri au mguu, kwa hiyo anayesema gari langu lina kibali cha kufika mlangoni anakudanganya. Mabegi makubwa na chakula acheni hotelini. Agra Fort msiiache, ndo mwanawe Aurangzeb alikomfungia Shah Jahan toka 1658 mpaka akafa 1666, na ukisimama kwenye ule mnara wake unaiona Taj kule mbali kwenye kona ya mto, mimi binafsi naona pale pananigusa kuliko hata Taj yenyewe na vurugu zake za picha.

Na mkienda kukata tiketi stesheni ya New Delhi, ofisi ya watalii wa nje iko ndani ya jengo la stesheni, ghorofa ya kwanza. Nje mtakutana na watu wenye vitambulisho shingoni wanasema imehama, imeungua, inakarabatiwa, njooni kwenye "ofisi ya serikali" Connaught Place. Ni maajenti, mtatoka huko na pakeji ya aina hii hii, tofauti ni lugha.

Mama kamuomba jamaa arudishe hata nusu, kapewa "mama nina msiba nyumbani", halafu akablokiwa. Tumeshapeleka taarifa. Kama na wewe kakupiga na hela ulituma ukiwa huku India, 1930 ni namba ya utapeli wa mtandaoni, piga haraka kabla hela haijahama. Kwa ushauri au ukikwama safarini 1363 ni ya watalii, saa 24, polisi ni 112. Hela iliyokwenda kwenye namba ya nyumbani, wasiliana na kampuni ya simu siku hiyo hiyo, na hiyo namba ya "dada" itume 15040 kule Tanzania. Msifute meseji wala risiti hata kama mnaona aibu.

Nimesikia kuna kundi jingine kwenye hizo gesti za karibu na hospitali wameshalipia ya Ijumaa ijayo. Kama ni wewe, toa hiyo tiketi angalia sasa hivi imeandikwa CNF au WL, na mwambie unataka kubadilisha iwe Jumamosi. Uone atakujibu nini.