Uzoefu wangu na monita ya VA: nilivyopima kontrasti mwenyewe

Kwa miaka mingi nimetumia monita ya IPS, moja ya aina za kioo cha LCD. Usiku nikizima taa kuangalia filamu, ile mistari mipana ya juu na chini ya picha haikuwa nyeusi hata kidogo, ilikuwa kijivu kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue ya VA, aina nyingine ya kioo cha LCD yenye nyeusi nzito zaidi, inchi 27, na kabla sijaiuza ile ya zamani nikaziweka ubavu kwa ubavu nizipime.

Kontrasti ni hesabu fupi: mwangaza wa nyeupe ugawanye kwa mwangaza wa nyeusi. Niliazima kipimamwanga kinachoning'inizwa mbele ya kioo, nikaziacha monita zote zikiwaka nusu saa, chumba kikiwa giza totoro, nyeupe nikaiweka niti 150 kote (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo).

Kipimo cha kwanza kilinivunja moyo. VA iliyoandikwa 3000:1 ilinipa 320 tu! Nyeusi ilisoma niti 0.46. Nikajua nimeuziwa mbovu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mipangilio ya HDMI, waya unaopeleka picha kwenye monita: kompyuta ilituma rangi kwa namba kuanzia 16 (nyeusi) hadi 235 (nyeupe), na monita ikazisoma kana kwamba ni 0 hadi 255. Nyeusi ya kompyuta ilifika kwenye kioo ikiwa tayari kijivu. Nikabadilisha mpangilio huo ili pande zote mbili zitumie namba zilezile, nikarudisha nyeupe kwenye niti 150, na nyeusi ikashuka hadi 0.055, yaani kama 2700:1. IPS ilisoma 0.14, karibu 1070:1. Tafadhali, kagua mpangilio huo kabla hujarudisha monita dukani.

Ile namba ya mamilioni kwenye boksi usiihangaikie. Ni kontrasti ya kubadilikabadilika: picha ikiwa nyeusi tupu, monita inafifisha taa ya nyuma. Nilipoiwasha, kipimo kilishuka hadi sifuri, lakini nilipotikisa mausi tu, kishale cheupe kikatokea na taa ikarudi palepale.

Usiku, basi, tofauti ni kubwa na inaonekana kwa macho. Mchana ni habari nyingine, na hili sikulitegemea. Kioo kisichong'aa nacho kinarudisha mwanga wa chumba. Chukua niti 1 tu ya mwanga huo, iongeze kwenye nyeupe na kwenye nyeusi: IPS inabaki 132:1, VA 143:1. Ile tofauti ya zaidi ya maradufu karibu yote imeyeyuka! Nilimwita mdogo wangu saa sita mchana, pazia wazi, nikamuuliza ipi ina weusi mzito. Alizitazama kwa muda, akashindwa kuchagua.

VA ina kero zake pia. Nikisogeza maandishi ya kijivu juu ya usuli mweusi, yanaacha kivuli nyuma yake kama wino uliopanguswa kabla haujakauka, kwa sababu pikseli zake huchelewa kutoka kwenye nyeusi. Na ukikaa pembeni kidogo, sehemu za giza zinapauka.

Kwa hiyo ile ya IPS sikuiuza. Iko upande wa dirisha, nahariria picha mchana. VA nimeihamishia kwenye kona ya ndani, na ile mistari ya juu na chini ya filamu sasa siioni tena.