Ukitaka asili ya Batman, kagua karatasi kwanza

Nilitoa elfu tisini na tano kununua kitabu cha katuni, Batman: Year One. Usiku nikakaa sebuleni nayo, taa juu ya kichwa, chai pembeni. Nikafika pale wakubwa wa Gotham, jiji la Batman, wanapokula chakula cha jioni, majambazi na viongozi meza moja, mara taa zinazimika, ukuta unalipuliwa, moshi unatanda, na yeye anaingia. Ndio ukurasa niliokuwa nausubiri. Nilichokiona ni pangaboi la kwangu. Pangaboi zima na mapanga yake matatu, linazunguka katikati ya giza la Gotham. Nikainamisha kitabu, nikauona uso wangu. Nikakigeuza upande wa pili, nikaiona taa. Batman nilimpata kwa vipande, kama mtu anayechungulia dukani kupitia kioo mchana wa jua.

Nililalamika mahali, kwa utani tu, na wasomaji watatu wakanijibu kuwa yamewakuta hayo hayo. Mmoja wa Mtwara ndiye aliyenimaliza. Kitabu chake kilikaa dirishani masika nzima. Alipokuja kukifungua, kurasa mbili zilikuwa zimegandana, na alipozivuta taratibu sura ya Gordon, yule polisi wa Gotham, ikahamia ukurasa wa mbele. Gordon sasa ana masharubu mawili.

Kwa hiyo leo siongelei nani anachora kumzidi nani. Hayo mtayapata kokote. Naongelea karatasi, kitu ambacho hakuna muuzaji anayekitaja na hakuna mnunuzi anayekiuliza.

Kwanza tuwekane sawa. Batman alitokea 1939 kwenye jarida la katuni la Detective Comics namba 27, bila maelezo yoyote ya alikotoka. Asili yake ilikuja namba 33, mwaka huo huo, na ilimalizwa kwa kurasa mbili tu: mtoto, wazazi wanapigwa risasi mbele yake, kiapo kando ya kitanda, mazoezi, popo anaingia dirishani, kwisha habari. Kurasa mbili! Tangu hapo kila kizazi kinabomoa nyumba ile na kuijenga upya, na sisi tunauziwa kila tofali. Nimechagua simulizi nne zinazostahili hela. Zote za DC, kampuni inayomchapisha Batman, kwa sababu mimi ni mtu wa DC na sijawahi kuficha. Anayemtaka Spider-Man hatakosa wa kumwelekeza.

Namba moja ni Year One hiyo hiyo iliyoniumiza, ila toleo sahihi. Ilitoka 1987 kwenye jarida la Batman namba 404 hadi 407, kaandika Frank Miller, kachora David Mazzucchelli. Rangi ni za Richmond Lewis, na hapa naomba mtulie kidogo. Zile namba nne za mwanzo zilichapwa kwenye karatasi ya bei rahisi, ya gazeti gazeti. Ilipofika wakati wa kuzifanya kitabu, Lewis alizipaka rangi upya. Si rangi za kupiga kelele: ni kahawia, kijivu, manjano ya taa ya barabarani iliyochoka, bluu ya alfajiri kabla watu hawajaamka. Gotham yake inaonekana kama jiji lisilofuliwa. Rangi za namna hiyo zinahitaji karatasi isiyong'aa, inayoinywa rangi. Ukiziweka kwenye karatasi ya kung'aa, kahawia inakuwa chungwa, giza linakuwa kioo, na jiji lote linageuka tangazo la soda.

Msidhani ni ugonjwa wangu peke yangu. Toleo la jalada gumu la 2012 lilipotoka, Mazzucchelli mwenyewe alilalamika hadharani: karatasi inang'aa, rangi zimechapwa kutoka mafaili yaliyoharibika. Mchoraji mwenyewe, jamani! Na wakati huo lilikuwepo toleo la 2005 alilolisimamia kwa mkono wake, karatasi imetulia, kila kitu mahali pake. Mkiweza kupata la 2005, au la jalada laini la 2007 lililolifuata, chukueni bila kuuliza mara mbili. Angalieni mwaka ndani, ukurasa wa haki miliki.

Na hadithi? Inalipa. Wengi hununua wakidhani ni ya Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe bila kinyago, kumbe nusu yake, tena nusu nzuri, ni ya Jim Gordon. Wote wawili wanaingia Gotham siku moja, tarehe 4 Januari, mmoja kwa treni na mwingine kwa ndege. Gordon ana mke mjamzito, ana polisi wenzake wala rushwa wanaomsubiri na virungu, ana moyo unaomvuta kwa mwanamke wa kazini. Batman anajifunza kuruka, Gordon anajifunza kuishi na aibu yake. Mwishoni, pale darajani, mtoto mchanga wa Gordon anadondoka, na Bruce anajitupa kumdaka bila kinyago usoni. Gordon hana miwani. Anasema haoni vizuri. Mnaamini? Mimi siamini, na nimesoma mara sita.

Namba mbili ni Zero Year ya Scott Snyder na Greg Capullo, 2013 hadi 2014. Hii ni kinyume cha kila kitu nilichosema juu, na ndiyo maana naiheshimu. Rangi za FCO Plascencia ni waridi, zambarau na kijani cha majani mabichi. Riddler, adui wa Batman, anakata umeme, Gotham inaota vichaka, Batman anatembea mitaani kwenye nyasi akiwa na fulana. Hapa karatasi ya kung'aa haina neno, hata inaisaidia. Someni mchana, barazani. Tahadhari yangu ni moja tu: ilikusanywa kwenye vitabu viwili, cha 4 na cha 5 katika mfululizo wa Batman wa wakati ule, na wauzaji wengi wanacho kimoja. Atakwambia hicho ndicho chote. Sicho. Kinakuachia njiani kama daladala lililoishiwa mafuta.

Namba tatu, Absolute Batman, Snyder tena, safari hii na Nick Dragotta, kuanzia Oktoba 2024. Bruce hana utajiri. Baba yake ni mwalimu, anauawa kwenye bustani ya wanyama mbele ya wanafunzi wake. Mama yupo hai. Bruce mwenyewe ni mhandisi, mwili kama kontena, na ile nembo ya kifuani anaichomoa inakuwa shoka. Kwa mara ya kwanza nilisoma Batman anayejua nauli ni shilingi ngapi. Ningeipandisha nafasi ya pili, ila haijaisha, na ukinunua kitabu cha kwanza umeshajifunga kibubu. Weusi wa Dragotta ni mzito, kwa hiyo lile jaribio la taa nitakalowaeleza hapa chini ni la lazima.

Namba nne, Batman: Earth One ya Geoff Johns na Gary Frank, kitabu cha kwanza 2012. Batman huyu hajui kazi. Anarusha kamba, kifaa kinagoma, anaanguka. Alfred ni askari mstaafu anayemkaripia. Macho yanaonekana ndani ya kinyago badala ya yale meupe matupu, na macho hayo yana hofu. Ni nzuri. Sina mengi.

Za bei rahisi: ipo ya kusoma kwenye simu, na hiyo haigandani wala haing'ai kuzidi simu yenyewe, ila picha ya kurasa mbili kwenye kioo cha inchi sita ni adhabu. DC pia wana matoleo madogo ya mkononi walioyaanza 2024. Macho yako, uamuzi wako. Na wauza vitabu wa chini pale Posta huwa wanakuwa nazo mara mojamoja. Nendeni na maji ya kunywa.

Sasa jaribio. Usikubali picha. Picha inapigwa na mtu anayejua aweke mwanga wapi. Mwombe muuzaji video fupi: afungue ukurasa wenye giza, akishike chini ya taa, akiinamishe huku na huku. Ukiona mstari mweupe unatembea juu ya picha, hicho kitakusumbua miaka yote. Kama umekishika mwenyewe, bonyeza kidole gumba kwenye sehemu nyeusi. Alama ya kidole ikibaki, unajua. Na sisi wa pwani, karatasi za namna hiyo hugandana na unyevu, kwa hiyo zisimame kabatini zikiwa zimeachana kidogo, na vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja na viatu vipya msivitupe.

Nimewahi kuomba video hiyo kwa wauzaji watano. Wawili walinifungia. Mmoja alinitumia ile picha ya mtandaoni aliyoitumia tangu mwanzo. Wa nne akaniambia, "Dada, kitabu ni kitabu." Wa tano alituma video kweli, ila kakizima chumba.

Na hii ya "bei njoo inbox" itatuua. Mimi na rafiki yangu tuliuliza kitabu kimoja kwa muuzaji mmoja siku moja: yeye aliambiwa sabini, mimi tisini na tano. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa dola imepanda. Imepanda kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana? Jalada la nyuma limeandikwa bei ya Marekani, kaifunika na stika. Nimeibandua kwa mafuta ya taa. Sitaki hata kuwaambia nilichokikuta chini yake, kisa presha.

Nakala yangu ya pangaboi bado ipo, haijagandana. Anayetaka ya mtoto kukatia picha aje achukue. Elfu ishirini, nimeiandika hapa hapa.